Ukali wa Mteremko Mahali Pamoja

Mtu yeyote aliyepata kushuka kwa miguu toka Newala kuelekea bonde la Ruvuma ajua ya kuwa njia ile haiteremki kwa kipimo kimoja. Hapa yalala, pale yasimama kama ukuta. Wenzetu wa Masasi, wenye vilima vya mawe, nao wayajua hayo. Akina mama wa zamani, waliochota maji mabondeni kwa kuwa juu ya uwanda hapana mito, waliyajua kwa magoti yao. Lakini kupima ukali wa mteremko palepale unapokanyaga, wala si toka hapa hata pale, ni jambo lililowasumbua wenye hesabu muda mrefu.

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza, chuo cha Cambridge kikafungwa. Kijana Isaac Newton akarudi kwao Woolsthorpe, akaanza huko kutunga hesabu iitwayo kalkulasi. Mjerumani Gottfried Leibniz naye akaivumbua kwa njia yake, akaipiga chapa mwaka 1684, ya Newton ingali sandukuni. Ukazuka ugomvi mkubwa. Mwaka 1712 chama cha wataalamu wa London kikampa Newton haki. Na mkuu wa chama hicho alikuwa Newton mwenyewe! Hata hivyo, alama tuziandikazo ubaoni sana ni za Leibniz.

Njia yao ni hii. Tuangushe jiwe toka ukingo wa uwanda. Kwa kukadiria, katika sekunde 2 huanguka meta 20, katika sekunde 3 meta 45. Basi katika sekunde ile ya tatu mwendo wake ni meta 25 kwa sekunde. Tukiufupisha muda, toka sekunde 2 hata 2.1, twapata 20.5, hata 2.01, twapata 20.05. Yakaribia 20.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza, "Mwalimu, muda ukiwa sifuri, twagawanyaje kwa sifuri?" Wako walimu wamwambiao akae chini. Nasi twasema asimame, maana swali lilo hilo aliliuliza Askofu George Berkeley wa Ayalandi mwaka 1734, tena kwa dhihaka, na wakubwa wa hesabu hawakuwa na jibu la kutosha. Waliitumia kalkulasi, wakapata majibu ya kweli juu ya mwendo wa sayari, wasiweze kuueleza msingi wake. Hata mwaka 1821 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy akaonyesha kwamba kwa sifuri hatugawanyi kamwe. Twatafuta namba ambayo majibu yetu huikaribia kadiri tupendavyo, nayo huitwa kikomo. Toka swali la Askofu hata kitabu hicho cha Cauchy ilipita miaka 87.