Sifa Iliyowatangulia Wakazi

Mtajie Mkenya Dandora, Kayole au Majengo, hatakuuliza ni wapi. Anajua ni Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, na anadhani anawajua pia wanaoishi huko: vijana wenye maneno mengi, matatu za muziki wa kupasua masikio, na hatari ya kupigwa ngeta giza likiingia. Mtajie Lavington au Karen, kule magharibi, naye atakuchorea wababi, yaani watoto wa matajiri, wasiojua fungu la sukuma wiki linauzwaje. Sifa hizi mbili husimuliwa kana kwamba zimeota zenyewe kutokana na tabia za watu wa kila upande. Ninavyoisoma historia ya jiji hili, mambo yalikwenda kinyume. Sifa ya Eastlands iliandikwa kwenye majalada ya serikali kabla ya mitaa yake mingi kupata hata nyumba ya kwanza, kisha mitaa ikajengwa kwa namna ambayo ilihakikisha sifa hiyo inapata ushahidi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na makao makuu yake yakahamishiwa hapo. Wahandisi waliipenda tambarare kwa ajili ya treni. Afya ya watu haikuwa hoja yao. Magharibi ya stesheni ardhi inapanda, udongo ni mwekundu na hewa ina ubaridi. Mashariki kuna udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kiasi kwamba kuweka msingi wa nyumba huko ni gharama kubwa. Wakubwa wa reli na wa serikali wakajenga kilimani. Hadi hapo mtu anaweza kusema ni maumbile tu. Lakini mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, soko likateketezwa kwa moto, na ugonjwa ukawa unarudi miaka iliyofuata. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alizuru Afrika Mashariki na kupendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, huku eneo tupu likiachwa katikati. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi za jamii hizo hazipatani kiafya. Uchafu wa soko lisilokuwa na mitaro ukageuzwa kuwa tabia ya watu: mfereji haukujengwa, akalaumiwa anayeruka tope. Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa 1923 uliachana na utengano wa kisheria kati ya Wazungu na Wahindi mijini, ila hati za viwanja ziliendelea kutaja nani asiuziwe, na kwa Mwafrika wazo la mtaa wake wa pekee halikuguswa.

Mtaa huo ulikuwa tayari. Pumwani, ambayo wenyeji huiita Majengo, ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika. Kabla yake kulikuwa na vijiji vya watu waliojijengea: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Humo waliishi Waswahili na Waislamu wengine, wachuuzi, wapagazi na askari wa zamani. Mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi wanawake wengi wa Pangani na Pumwani walivyokuwa wenye nyumba, wakijitegemea kwa kodi na kwa biashara ya miili yao. Kwa ofisa wa manispaa, mwanamke mwenye nyumba yake na asiye chini ya mume wala chifu hakuwa mpangishaji. Alikuwa dalili ya uovu. Vijiji vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, hadi mwisho wa miaka ya 1930, na baadhi ya watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Hapa ndipo ushahidi wa sifa ulipotengenezwa, na inafaa kwenda polepole. Sheria ilimwona Mwafrika mjini kama mgeni aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao. Alitembea na kipande cha utambulisho shingoni, akazuiwa kuzurura usiku bila pasi, na asipokuwa na mwajiri aliitwa mzururaji akarudishwa mashambani. Mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja. Ni mwaka 1954 tu ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipopendekeza kipato cha kulisha familia. Nyumba zilifuata hesabu ileile: chumba kiligawanywa kwa vitanda, na mwenye kitanda hakutarajiwa kuwa na mke wala mtoto. Ukishajaza wanaume peke yao kwenye vyumba vya kubanana, usiwape duka wala sinema, unaweza kuandika ripoti kwamba mtaa huu ni wa walevi na wahuni, na ripoti itakuwa kweli. Pombe yenyewe ilikuwa ya nani? Manispaa ilijipa haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika. Mama aliyepika busaa uani alikamatwa. Mwenye kilabu kikubwa kuliko vyote ndiye aliyekuwa akilalamikia ulevi.

Siasa zikaongeza wino. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ramani nzuri, nyumba za familia zikizunguka uwanja na ukumbi, na serikali ikatumaini humo atatokea Mwafrika wa mjini mwenye adabu. Alitokea, na tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi huohuo, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh akatoa hoja ya kudai uhuru wa Afrika Mashariki mara moja. Mei yeye na mwenzake Fred Kubai wakakamatwa na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, jeshi lilizingira jiji katika Operesheni Anvil ya vita vya Mau Mau, likapekua mtaa kwa mtaa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Tangu hapo kwenye lugha ya usalama mhalifu na mpinzani wakawa mtu mmoja, naye anwani yake ilikuwa mashariki. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ina majina ya wanasiasa wa Kiafrika waliouawa mwanzoni mwa vita hivyo. Serikali iliandika msimamo wake hata kwenye vibao vya barabara.

Uhuru ungeweza kuvunja mpango huu, na kwa kiasi ulijaribu. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya watumishi na walimu wenye mikopo ya nyumba, na kwa bustani zake haikuwa na cha kuonea haya mbele ya South B. Dandora nayo ilipangwa vizuri kuliko wengi wanavyokumbuka: mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili viwanja kama 6,000 vyenye maji, mitaro na choo, mwenye kiwanja amalizie vyumba kadiri ya uwezo wake. Lakini katika muongo huohuo jaa kuu la taka la jiji zima liliwekwa Dandora. Jaa hilo lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na halikufungwa. Taka za Kilimani na Muthaiga huvuka jiji zima kwenda kunuka huko, kisha harufu huhesabiwa kuwa ya Dandora.

Wapo wanaosema haya yote ni kazi ya jiografia, kwamba kila jiji lina upande wake wa moshi. Kwa London hoja hiyo ina uzito, maana upepo wa huko huvuma zaidi kutoka magharibi na ulipeleka masizi ya viwanda kwa wakazi wa mashariki. Nairobi haifuati kanuni hiyo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wake hutoka mashariki, hivyo mpangaji aliyefuata upepo angeweka viwanda na majaa magharibi. Kinachobaki ni udongo na mteremko: mto Nairobi unatiririka kwenda mashariki, na maji taka hayapandi mlima. Nakubali. Ila mteremko huamua maji yaende wapi tu. Hauamui nani anyimwe hati ya kiwanja wala nani alale vitanda vinne chumba kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni la uhalifu. Bunduki za miaka ya 1990 na magenge ya Kayole havikuwa hadithi, na waliozikwa kwa sababu ya uhalifu huo walikuwa kwanza watu wa Eastlands wenyewe. Siwezi kukana hilo, na mwandishi anayelikana huwadharau waathirika. Ninachouliza ni kwa nini uhalifu wa mtaa mmoja huwa tabia ya upande mzima. Kibera, Kawangware na Kangemi ziko magharibi, zimepakana na makazi ya matajiri, nazo zina taabu zilezile. Hakuna anayesema watu wa magharibi wana mikono myepesi. Upande ule mtaa maskini huhesabiwa kuwa mkosi na kutajwa kwa jina lake peke yake. Upande huu mtaa maskini ndio kanuni, na Buruburu iliyotulia haipati msamaha. Kosa hili la hesabu lina bei. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilichapisha ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi, wengi bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Na mwaka 2014, katika Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikusanywa na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, miaka sitini kamili baada ya Anvil.

Mtu atajibu kwamba wakazi wameikubali sifa hiyo na hata kuiuza. Kundi la rap la Kalamashaka lilitoka Dandora na mwaka 1997 likaufanya ugumu wa mtaa wake kuwa heshima. Studio ya Calif, ambayo jina lake limetoka mtaa wa California karibu na Eastleigh, ikaueneza muziki wa genge nchi nzima. Na leo hata mtoto wa Lavington hujaribu kuongea kama wa Eastlando. Ushindi huo ni wa kweli, na ni mtamu. Hata hivyo umebadilisha sauti ya sifa bila kugusa masharti yake. Isitoshe, wakazi wenyewe huitumia sifa hiyo wao kwa wao: wa Buruburu hujitenga na wa Dandora, wa Dandora na wa Korogocho.

Masharti hayo leo yanaonekana zaidi Pipeline, Embakasi, na Huruma. Majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana hadi chumba cha ndani hakioni jua, familia nzima iko kwenye chumba kimoja, choo ni cha wapangaji wote wa sakafu, na mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo. Vyumba hivi ni vya faida kubwa, na mtafiti Marie Huchzermeyer ameeleza katika kitabu chake cha 2011 jinsi majengo ya aina hii yalivyokiuka kanuni za ujenzi za jiji. Hayakujengwa usiku. Yalipanda ghorofa baada ya ghorofa mbele ya mamlaka ya jiji ambayo, miaka mia moja iliyopita, ilijua kila choo cha Pumwani na kila mama aliyepika busaa.