Bayi, malaria na medali ya Moscow

Mtaje Filbert Bayi kwenye kijiwe chochote cha wapenda michezo, na wa kwanza kukujibu atasema Christchurch, 1974. Hakosei. Tarehe 2 Februari mwaka huo, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule New Zealand, kijana wa Karatu mwenye miaka 20 aliongoza mita 1500 toka mwanzo mpaka kwenye utepe. Mwenyeji John Walker alimkimbiza na hakumpata. Muda ulikuwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Ile ya zamani, ya Mmarekani Jim Ryun, ilikuwa imesimama tangu 1967. Mei 1975, kule Kingston, Jamaica, Bayi akaichukua na rekodi ya maili kwa 3:51.0.

Leo nataka tuongee kuhusu miaka iliyofuata, ile tunayoiruka haraka haraka tunapohadithiana. Kati ya Christchurch na medali ya Olimpiki ya Bayi kuna miaka sita, na ndani yake kuna ugonjwa ambao mimi na wewe tunaujua vizuri: malaria.

Tuanze na 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Afrika ikataka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki ya Montreal, ikakataliwa, na zaidi ya nchi 20 zikagoma. Tanzania ilikuwamo. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17, sekunde 7 nyuma ya rekodi ya Bayi. Tangu hapo tunasema: angekuwepo Bayi, dhahabu ilikuwa yetu.

Kwanza, huo ni ulinganisho wa kijiweni. Fainali ile ilianza polepole, watu wakiviziana. Pili, na hili ndilo tunalosahau, muda mfupi kabla ya michezo hiyo Bayi alikuwa akisumbuliwa na malaria. Hata kama tusingegoma, nani anaweza kuapa kwamba miguu ya Montreal ingekuwa ile ya Christchurch?

Wapo watakaosema, ah, malaria tu, si unameza dawa unapona? Ngoja. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Mtu wa ofisini akipungukiwa damu atahema akipanda ngazi, basi. Mkimbiaji wa mita 1500 anaishi kwa oksijeni. Ukimpunguzia kidogo tu, umemnyang'anya mzunguko wa mwisho. Dawa inaweza kuua vimelea kwa siku chache, lakini damu hairudi kwa ratiba hiyo. Mwili huijaza taratibu, wiki baada ya wiki. Na enzi za Bayi dawa ilikuwa klorokwini. Waulize wazazi wenu habari za mwasho wake.

Nilishaugua mimi mwenyewe. Nikamaliza dozi ya mseto siku tatu, nikapima, vimelea hakuna. Wiki ya pili nikarudi kwenye kilomita zangu tano za asubuhi. Kwenye kilomita ya pili nilikuwa nimesimama, mikono kiunoni, na mama muuza vitumbua ananiuliza, "Mwanangu, umekimbizwa na nani?" Ilinichukua zaidi ya mwezi kumaliza zile tano bila kusimama. Na mimi sina rekodi ya dunia, wala taifa halinisubiri. Ninayesubiriwa naye ni mhariri tu.

Sasa mfikirie Bayi. Mwaka 1978, Edmonton, Canada, alirudi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kutetea dhahabu yake. Mwingereza David Moorcroft akamshinda kwa sekunde 0.11. Mwaka huo huo akachukua dhahabu ya mita 1500 kwenye Michezo ya Afrika, Algiers. Halafu akafanya jambo ambalo wengi wangemkataza: kwenye Olimpiki ya Moscow, 1980, aliingia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mara mbili ya umbali wake, viunzi 28, madimbwi 7. Na alikimbia vile vile kama Christchurch: mbele, peke yake, wengine wafuate. Mpoland Bronisław Malinowski alimpata kwenye mzunguko wa mwisho na kushinda kwa 8:09.70. Bayi akamaliza wa pili kwa 8:12.48, medali ya fedha.

Mtaniambia Moscow ilikuwa nyepesi kwa sababu Marekani na wenzake waligoma, na Mkenya Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia, hakuwepo. Ni kweli hakuwepo. Lakini Malinowski ndiye aliyekuwa wa pili Montreal, hakuwa mtu wa kuokotwa.

Medali ile, pamoja na ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000 kwenye michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka Paris 2024.

Nadhani tunapenda hadithi ya mgomo kwa sababu ina wa kulaumiwa: makaburu, New Zealand, wakubwa wa Olimpiki. Malaria haina adui wa kuvutia, ina mbu tu na madimbwi yetu wenyewe. Lakini tukiifuta kwenye simulizi, tunamfuta na mtu aliyeugua, akashindwa, akarudi. Tunabaki na kijana wa miaka 20 asiyechoka, ambaye hamfundishi lolote mwanariadha wa leo anayetoka hospitali na kuambiwa "wewe umekwisha".

Rekodi huvunjwa. Ile ya michezo aliyoiweka Bayi Christchurch ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham, 2022. Fedha ya Moscow haivunjwi na mtu. Mkinilazimisha kuchagua moja ya kuwahadithia wanangu, nitachagua hiyo.