Mafuta Mingi: Neno na Asili Yake

Mwanafunzi akiandika "mafuta mingi" katika insha, hatuna budi kumsahihisha. Nomino mafuta imo katika ngeli ambayo kivumishi -ingi huwa mengi. Mingi ni ya miti na mito. Lakini wenzetu wa Uganda wanayo mafuta mingi yasiyosahihishika, kwa kuwa hayo si mafuta, bali ni watu.

Kiswahili hakikukosa majina ya wenye mali. Tajiri latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara. Bepari asili yake ni Kigujarati, nalo pia huko lilikotoka humtaja mchuuzi tu. Nchini Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, likazidi kubeba maana ya mnyonyaji; hata hivyo, lilianza kama jina la kazi. Mafuta mingi halikuanza hivyo. Halitaji kazi ya mtu. Lataja unene wake.

Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Serikali yake iliita jambo hilo vita vya uchumi. Maduka, viwanda na mashamba yaliyoachwa yakagawanywa, na mafungu manono yakawaangukia wanajeshi na watu waliojuana na wakubwa. Wengi wao hawakupata kuuza hata kibiriti. Bidhaa walizozikuta dukani zilipokwisha, hawakujua pa kuagiza nyingine. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika, magendo yakashamiri, na bei zikapanda. Katika dhiki hiyo raia waliwaona wachache wakinawiri, wakawaita mafuta mingi.

Liko jambo moja linalotupasa sisi walimu kulizingatia. Katika Uganda ya siku zile Kiswahili kilijulikana zaidi kama lugha ya kambi za jeshi, na raia wengi walikiogopa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo halikuondoa hofu hiyo. Hata hivyo, watu walipotaka jina la hao walioneemeshwa na utawala wa kijeshi, walilipata katika lugha ya askari wenyewe, pamoja na upatanisho wake usiofuata vitabu. Amin alipinduliwa mwaka 1979; neno halikuondoka naye.

Basi, walimu wenzetu, katika insha tuendelee kudai mafuta mengi. Ila tutakapofundisha majina ya wenye mali, tusilifute hili kwa wino mwekundu. Tukilinyosha likawa mafuta mengi, litabaki kuwa la jikoni tu, na wanafunzi wetu hawatajua kwamba raia walionyamazishwa waliwahi kuwahukumu wakubwa wao kwa maneno mawili.