Mwenye nyumba anapokataa kodi yako

Tumezoea hadithi ya mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Tarehe ikifika simu haipokelewi, mlango unafungwa kwa ndani, na watoto wanafundishwa kusema baba kasafiri. Leo nawaletea hadithi iliyogeuka. Mpangaji ana fedha mkononi, kazihesabu mara mbili, na mwenye nyumba hazitaki!

Nipo Nyakisasa, wilayani Ngara, na hapa nimekutana na mfanyabiashara wa aina hiyo. Kapanga fremu, mkataba wake haujaisha, na kila akipeleka kodi anaambiwa asubiri kwanza. Miezi inakwenda. Yeye anadhani mzee ana huruma. Mimi nina wasiwasi kwamba mzee anahesabu miezi ili siku moja aseme: huyu halipi, atoke.

Mwenye mali akatae fedha kwa nini? Kwa sababu kodi ni fedha, na pia ni ushahidi. Anayepokea kodi yako anakiri kwamba wewe ni mpangaji wake halali. Asipopokea, kesho anaweza kukuita mdaiwa sugu au hata mvamizi. Wakubwa wa ardhi katika kanda hii ya Maziwa Makuu wanaijua hesabu hiyo siku nyingi.

Hebu tuanze na majirani zetu wa mkoa huu huu. Kule Buhaya na Karagwe kulikuwa na nyarubanja. Mukama alimpa mtu wake eneo, na wakulima waliokuwemo wakajikuta batwarwa, yaani wapangaji kwenye migomba waliyoilima wenyewe. Walitoa sehemu ya mavuno, pombe na kazi za mikono. Wajerumani waliukuta utaratibu huo, Waingereza wakaurithi, nao ukadumu hata baada ya uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika. Mwaka 1965 ikaja sheria ya kuwakomboa batwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata nyingine iliyolenga upangaji wa kimila sehemu nyingine za nchi. Serikali iliamua kwamba anayelima ndiye awe na haki juu ya shamba, na uhusiano wenyewe wa bwana na mpangaji ukavunjwa.

Uganda walipita njia nyingine, na huko ndiko kodi iliyokataliwa imekuwa vita kamili. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya mailo kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, huku wakulima wakiwa tayari wanaishi juu yake. Malalamiko yakawa mengi. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1927 ikaweka ukomo wa kile ambacho mwenye ardhi angeweza kudai, na ikamlinda mkulima asifukuzwe hivi hivi. Idi Amin akaifuta mailo kwa amri ya mwaka 1975. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha, kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaweka busuulu ya shilingi 1,000 za Uganda kwa mwaka, uwe na kiwanja au shamba kubwa.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye ardhi. Shilingi 1,000 haitoshi hata nauli ya kuifuata. Sheria hiyo hiyo inasema mpangaji asipolipa kwa zaidi ya miaka 2 unaweza kuanza hatua za kumwondoa. Na marekebisho ya mwaka 2010 yakasisitiza kwamba kutolipa busuulu ndiyo sababu pekee ya kumtoa mpangaji halali, tena kwa amri ya mahakama. Ukiipokea, umemthibitisha. Ukiikataa, unaanza kumtengenezea deni. Ndiyo maana viwango vilipopandishwa baadaye ugomvi haukwisha, na ndiyo maana Rais Museveni na viongozi wake wamekuwa wakiwaambia wapangaji kwamba mwenye ardhi akiikataa busuulu, waipeleke gombolola na kuchukua risiti.

Turudi Tanzania. Zamani mpangaji wa mjini alikuwa na ngao. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mtu bila amri na bila sababu zilizotajwa. Ngao hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo tumebaki na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mkataba wako.

Lakini humo kwenye mikataba kuna kito ambacho wengi hatukijui. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961 ilichukua mengi kutoka sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 38 kinasema kwa maana hii: ukijitolea kutimiza ahadi yako na mwenzako akakataa, huhesabiwi kuwa umeivunja, wala hupotezi haki zako katika mkataba huo. Yaani kukataa kwake hakukugeuzi wewe kuwa mkosaji.

Kuna masharti. Upeleke kwa wakati na mahali panapostahili, upeleke yote, na usiweke masharti yako. Ukipeleka nusu na ahadi ya mwisho wa mwezi, hapo hujapeleka kitu. Tena deni halifutiki: fedha zile bado ni zake, kwa hiyo usizile! Na mkataba ukiisha, kifungu hiki hakimlazimishi mtu akupe mkataba mpya.

Kwa hiyo yule bwana wa fremu nilimwambia hivi. Apeleke kodi yote mbele ya mashahidi wawili. Ikikataliwa, aandike barua yenye tarehe na kiasi, nakala ibaki kwake na nyingine ifike ofisi ya kijiji. Fedha aziweke kando, benki au kwenye simu, zisiguswe. Mambo yakichacha, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wataulizana kuhusu karatasi.

Batwarwa walihitaji sheria ya nchi ili watoke chini ya mabwana zao. Mpangaji wa leo anaweza kuokolewa na karatasi moja yenye tarehe, ila lazima aiandike kabla mwenye nyumba hajamaliza kuhesabu.