Mpira Haufi Mpaka Uguse Sakafu

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua watu wanapenda nini katika mpira wa wavu, sikiliza kelele zao. Mchezaji mrefu anaporuka na kuushindilia mpira upande wa pili, ukumbi mzima husimama. Lakini yule msichana mfupi aliyejitupa sakafuni muda mfupi kabla ya hapo, akauokoa mpira ambao kila mtu aliuhesabu kuwa umekwisha, hana wa kumshangilia. Juma hili nataka kumzungumzia yeye, na ili haki itendeke, sina budi kurudi nyuma katika historia.

Mchezo huu ulianza mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani. William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chama cha YMCA, aliutunga kwa ajili ya watu wa makamo ambao mpira wa kikapu uliwachosha mno. Mwanzoni aliuita Mintonette. Mwaka uliofuata ulionyeshwa katika chuo cha YMCA mjini Springfield, na hapo ndipo ulipopewa jina la voliboli, kwa kuwa wachezaji walikuwa wakirushiana mpira huku na huku bila kuuacha udondoke. Zingatia jambo hilo. Kazi ya kwanza ya mchezaji ilikuwa kuuzuia mpira usianguke. Smashi ilikuja baadaye, na wanaosifiwa kwa kuistawisha ni Wafilipino, mnamo mwaka 1916.

Smashi ilipokuja, ilileta imani kwamba mshindi ni mwenye kimo na mabavu. Imani hiyo ilipata pigo kubwa Tokyo, tarehe 23 Oktoba 1964, katika michezo ya kwanza ya Olimpiki iliyohusisha mpira wa wavu. Wasichana wa Japani, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Nichibo, waliwashinda Wasovieti waliokuwa wakubwa kuliko wao kwa seti 3 kwa 0. Kocha wao, Hirobumi Daimatsu, alikuwa amewafundisha kuufuata mpira kwa kujitupa, kubingirika juu ya bega, kisha kuinuka mara moja wakiwa tayari kwa mpira mwingine. Mazoezi yake yaliendelea mpaka usiku wa manane, na wapo waliomlaumu kwa ukali huo. Lawama hizo zina uzito wake. Hata hivyo ulimwengu ulikuwa umeona kwa macho kwamba timu isiyokubali mpira uanguke inaweza kumchosha jitu.

Sasa twende vyuoni. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, iliyokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu kuwabagua wanafunzi kwa sababu ya jinsia. Mmoja wa waliopigania sheria hiyo alikuwa Patsy Mink, mbunge kutoka visiwa vya Hawaii. Na ni katika Chuo Kikuu cha Hawaii ambako matunda yake yalionekana waziwazi. Donnis Thompson, mama aliyesimamia michezo ya wanawake chuoni hapo, alianzisha timu ya mpira wa wavu mwaka 1974. Mwaka mmoja baadaye alimkabidhi timu hiyo kijana mmoja aliyeitwa Dave Shoji.

Timu hiyo huitwa Rainbow Wahine, na neno wahine katika lugha ya visiwa hivyo lina maana ya wanawake. Shoji hakuwa na uhakika wa kupata wasichana warefu kila mwaka kama vyuo vikubwa vya California. Basi alijenga timu yake juu ya mambo mawili: kuumudu mpira na kulinda uwanja. Kuumudu mpira maana yake ni kuupokea mpira wa kuanzisha na kuufikisha kwa mpangaji pale anapoutaka, wala si mahali ambapo atalazimika kuukimbilia. Kulinda uwanja ni kusoma bega na mkono wa adui kabla hajapiga, kwa sababu smashi kali hutoka wavuni hadi mstari wa nyuma kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Anayengoja kuuona mpira ndipo atoke alipo, amekwisha chelewa.

Mwaka 1979 Wahine walitwaa ubingwa wa vyuo uliosimamiwa na chama cha michezo ya wanawake, AIAW. Katika fainali ya NCAA ya mwaka 1982 walikutana na bingwa mtetezi, Chuo Kikuu cha Southern California. Walipoteza seti mbili za kwanza. Wengi wangefunga mizigo. Wao wakashinda tatu zilizofuata na kutwaa kombe. Wakalitwaa tena mwaka 1983, na tena mwaka 1987.

Msikilizaji, hapa ipo hesabu ambayo vijana wa leo hawaijui. Siku hizo pointi ilipatikana kwa upande ulioanzisha mpira tu. Upande uliopokea ukishinda, ulipata haki ya kuanzisha, si pointi. Na kwa kuwa anayepokea ndiye hushambulia kwanza, aliyetaka pointi alilazimika kwanza kuizima smashi ya mwenzake. Kwa maneno mengine, ulinzi ndio ulioandika namba ubaoni.

Lakini tusitie chumvi. Wahine wa miaka ile walikuwa pia na Deitre Collins, mshambuliaji wa kati aliyetisha wavuni. Na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Texas kiliwafunga katika fainali seti 3 kwa 0. Ulinzi peke yake haujengi nyumba. Ni msingi tu. Lakini nani amewahi kuezeka paa bila msingi?

Wakubwa wa mchezo wenyewe walikuja kulitambua hilo. Mwaka 1998 shirikisho la dunia lilimleta libero, mchezaji anayevaa jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa, na haruhusiwi kupiga smashi juu ya wavu. Vyuo vya wanawake vya Marekani vilimkubali mwaka 2002. Tangu hapo mfupi akapata nafasi iliyoandikwa ndani ya sheria. Dave Shoji alistaafu mwaka 2017 akiwa na ushindi wa michezo 1,202, na mwanawe Erik, aliyecheza Chuo Kikuu cha Stanford, ni libero aliyeipatia Marekani medali za shaba za Olimpiki mwaka 2016 na mwaka 2024.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu katika viwanja vyetu vya shule bado tunachagua timu kwa kuwapanga watoto mstari na kutazama nani anamzidi nani kwa kimo. Wafupi huambiwa wakaokote mipira. Tunasahau kwamba anayeokota mipira mchana kutwa ndiye aliyejua mapema mpira utaangukia wapi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Timu isiyo na wa kuziba ufa hujenga ukuta kila siku, na kila siku unabomoka.

Mwalimu wa michezo, kesho kabla hujawapima kimo, warushie mpira. Angalia nani anaukimbia na nani anaukimbilia. Huyo wa pili usimwache nje ya uwanja.

Nakomea hapo kwa leo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.