Kudoea

Neno kudoea, ambalo maana yake ni kujisogeza penye chakula cha watu saa ya kupakua pasi na kualikwa wala kuchangia, lina mpinzani wake katika lugha hii hii, nalo ni kikoa, yaani kula shirika kwa zamu, leo kwangu na kesho kwako. Ahudhuriaye zamu zote za wenziwe, ikifika yake akaleta udhuru, huyo ni doezi, na kwa rai yangu jina hilo analistahiki.

Hapa Kisesa, penye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, mizani ya jambo hili ilikuwa jembe. Wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika walilima kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, na mwenye shamba akawakirimu. Basi aliyewasili ugali umekwisha songwa, naye viganja havina vumbi, angejificha wapi?

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya ziwa letu la Victoria, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alitaja methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huidhania kuwa ni methali ya kumfukuza mgeni, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwani Mwalimu mwenyewe aliongeza kwamba aghalabu mgeni huyo, kwa kuona haya ya kukaa bure, alikuwa akiliomba jembe kabla ya kupewa.