Divai, mvinyo au waini?

Krismasi iliyopita shemeji alifungua chupa nyekundu ya Dodoma. Bibi akakunja uso: "Huo mvinyo si mkali, baba?" Akamiminiwa kidogo kwenye bilauri, akaonja. "Aa, kumbe ni divai!"

Bibi ana hoja. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, kwenye *vinho* yao, lakini watu wa zamani waliita hivyo hata pombe kali. Divai inatajwa kuwa ya Wafaransa, *du vin*, na ndiyo iliyoishia kanisani. Harusi ya Kana katika Biblia ya Kiswahili ina divai. Waini ni la juzi, la kaunta na risiti. Mimi nabaki na divai mezani, mvinyo nikiandika rasmi, waini sitaki.

Zabibu nayo ina kisa: kwa Waarabu *zabib* ni zile kavu, sisi tukaipa jina hilo hata mbichi ya Dodoma, inayovunwa mara mbili kwa mwaka.

Tukirudi mezani: pilau ya bizari na karafuu inapatana na nyekundu isiyo nzito, samaki wa kupaka, nyeupe kavu. Ndafu na mafuta yake yataka nyekundu yenye ukakasi. Ule ushauri wa kunywa nyekundu kwa "joto la chumba" ni wa vyumba vya Ulaya, kama nyuzi 18. Dar mwezi Desemba chumba kinapita 30. Iweke kwenye friji nusu saa, bila aibu.